Mkate Bustanini: Huruma Isiyomfikia Ndege

Miongoni mwa mambo ambayo wazazi wengi hupenda kuwafunza watoto wao wangali wadogo ni kuwahurumia viumbe wasioweza kusema. Ndiyo maana katika miji mingi ya dunia, mwisho wa juma unapowadia, familia huonekana kando ya mabwawa ya bustani za umma zikiwa na mifuko ya mkate uliokauka. Mtoto humega kipande, hukirusha majini, na ndege hukikimbilia kwa kelele. Mzazi hutabasamu, kwa kuwa anaona mwanawe ameanza kujifunza ukarimu. Wapo pia wanaolihesabu tendo hilo kuwa ni sadaka.

Nia hiyo ni njema, na makala haya hayakuandikwa kuibeza. Lakini nia njema huhitaji elimu ya kuiongoza, kama mwenye kumtibu mgonjwa anavyohitaji kuijua dawa kabla ya kuitoa. Kwa miaka kadhaa sasa, wataalamu wa afya ya wanyama wamekuwa wakichunguza yanayompata ndege wa majini anapoacha chakula chake cha asili na kuanza kuishi kwa makombo ya wanadamu. Wameangalia uzito wake, damu yake, safari zake, na zaidi ya yote vimelea anavyovibeba. Waliyoyaona yanamgusa kila mzazi anayempeleka mtoto bustanini, na yanamgusa hata yule ambaye mji wake haujawa na bustani bado.

Mfano uliochunguzwa kwa kina ni ule wa kwarara mweupe wa jimbo la Florida, kusini-mashariki mwa Marekani. Tuutazame kwa utulivu, kisha turejee nyumbani.

Mwenye mundu

Kwarara ni ndege wa miguu mirefu na mdomo mrefu uliopinda kuelekea chini. Waarabu humwita abu minjal, yaani mwenye mundu, na jina hilo limemkaa vizuri, kwani mdomo wake unafanana hasa na mundu wa kuvunia. Wakazi wa Nairobi wanamjua jamaa yake mmoja wa rangi ya kijivu, kwa makelele anayopiga alfajiri akiruka juu ya mapaa ya nyumba. Huyu wa Florida ni mweupe mwili mzima isipokuwa ncha za mbawa, ambazo ni nyeusi. Mdomo na miguu yake ina wekundu wa waridi.

Mdomo huo haukuumbwa kwa pambo. Mara nyingi kwarara hatafuti riziki yake kwa macho, bali kwa kupapasa. Huutumbukiza mdomo katika tope na maji ya kina kifupi, akapekua huku na huko mpaka aguse kamba wa maji baridi, samaki mdogo au mdudu. Kiumbe wa namna hiyo anahitaji mahali penye tope laini, maji machache na windo lililo hai.

Mahali hapo kwake palikuwa ni Everglades, ardhioevu kubwa ya kusini mwa Florida, ambamo maji hutambaa polepole katikati ya nyasi kuelekea baharini. Mwandishi Marjory Stoneman Douglas, katika kitabu chake mashuhuri cha mwaka 1947, aliifananisha na mto wa nyasi, na sifa hiyo imeendelea kutumika mpaka leo. Msimu wa ukavu unapofika, maji hupungua, samaki na kamba hukusanyika katika vidimbwi vilivyobaki, na ndege hupata chakula kingi mahali padogo kwa wakati uleule wanapolea makinda. Mahali pamoja pakikauka mno au pakijaa mno, kwarara huhama na kutafuta pengine. Kwa tabia yake, basi, ni msafiri asiyefungwa na kituo kimoja.

Katika karne ya 20 mambo yalibadilika. Ardhi ilichimbwa mifereji ili ikaushwe kwa ajili ya mashamba na makazi. Mwaka 1948, baada ya mafuriko makubwa ya mwaka uliotangulia, serikali ya Marekani iliidhinisha mradi mkubwa wa kuyadhibiti maji ya kusini mwa Florida. Mashamba ya miwa yakapanuka, miji ya pwani ikakua, na takriban nusu ya Everglades ya asili ikatoweka. Idadi ya ndege waliokuwa wakitaga humo ikaporomoka.

Kwarara aliyenyimwa makazi yake alitafuta pengine. Wengi walianza kuonekana katika bustani za miji, kando ya mabwawa ya kuchimbwa, kwenye viwanja vya gofu na hata majalalani. Katika wilaya ya Palm Beach waliwazoea watu kiasi cha kuwasogelea na kupokea mkate. Jambo kama hilo limetokea pia Australia, ambako kwarara wa huko, baada ya ardhioevu za bara kukumbwa na ukame na maji yake kuchepushwa, walihamia Sydney kwa wingi. Watu wa Sydney wamempa jina la dhihaka, kuku wa pipa la taka. Ni aibu kumcheka mkimbizi ambaye nyumba yake imebomolewa.

Kimelea na ngazi zake

Ili kufahamu mkate unafanya nini, yatupasa kwanza kujua vimelea vya ndege vinavyoishi. Kimelea ni kiumbe anayeishi juu ya mwili wa kiumbe mwingine au ndani yake na kupata riziki kwa kumnyonya. Ndege wa majini huwa na chawa na utitiri katika manyoya, minyoo katika utumbo, na wengine huwa na minyoo katika mishipa ya damu. Vilevile wapo bakteria wasioonekana kwa macho, ambao katika lugha ya afya nao huhesabiwa kuwa vimelea vya maradhi.

Msomaji wa pwani na visiwani ana mfano ulio karibu naye, nao ni kichocho. Unguja na Pemba zimepambana na maradhi hayo kwa miaka mingi. Mdudu wa kichocho hawezi kutoka kwa mtu mmoja akamwingia mwingine moja kwa moja. Mayai yake hutoka na mkojo wa mgonjwa, yakifika majini huanguliwa, kinachoanguliwa humtafuta konokono wa maji na kuingia ndani yake, humo huzaana, kisha hutoka kikiwa katika umbo jipya na kuogelea mpaka kipate ngozi ya mtu wa kuipenya. Ni ngazi yenye vidaraja. Kidaraja kimoja kikiondolewa, ngazi nzima inaanguka. Kwa sababu hiyo wapambanao na kichocho huwatibu watu na pia huwasaka konokono.

Jamaa wa mdudu huyo wanaishi ndani ya mabata na ndege wengine wa majini. Ngazi yao ni ileile, isipokuwa mahali pa mtu pamekaliwa na ndege. Mwaka 1928, mtaalamu William Walter Cort, akiwa kando ya ziwa Douglas katika jimbo la Michigan, aligundua kwamba muwasho uliokuwa ukiwapata watu walioingia majini ulitokana na vijidudu vilivyotoka kwa konokono. Vijidudu hivyo vinapomkosa bata huipenya ngozi ya mwanadamu kwa makosa. Haviwezi kuishi humo, hivyo hufa papo hapo, lakini huacha vipele vyenye kuwasha vinavyodumu siku kadhaa. Vipele hivyo haviambukizi kutoka mtu hadi mtu.

Ipo minyoo mingine ambayo humfikia ndege kwa njia ya chakula. Mmojawapo anaishi katika mabwawa ya chumvi ya California. Huanza ndani ya konokono, kisha huhamia kwa samaki mdogo na kujikusanya juu ya ubongo wake. Samaki aliyeingiwa hubadilika tabia: huja juu, hujigeuza ubavu, hutetemeka na kumetameta. Mwaka 1996 watafiti Kevin Lafferty na Kimo Morris walionyesha kwamba samaki wa namna hiyo huliwa na ndege mara 10 hadi 30 zaidi ya samaki mzima. Ndege hupata mlo kwa wepesi, na mnyoo hupata kufika alikokusudia. Ni mpango wa ajabu, na anayeutafakari hawezi kuliona tena bwawa kuwa ni maji matupu.

Meza inapobadilika

Hapa ndipo mkate unapoingia. Ndani ya mkate hamna konokono, hamna samaki, hamna kamba. Ndege anayeshiba mkate hapitii vile vidaraja ambavyo minyoo ya chakula huvitegemea, na kwa hiyo humeza minyoo michache zaidi ya namna hiyo. Mtu anaweza kusema kwa haraka: basi mkate umekuwa dawa! Lakini afya haipimwi kwa kuhesabu minyoo peke yake.

Wapo vimelea wasiohitaji ngazi yoyote. Hao hutoka na kinyesi cha mmoja na kuingia kinywani mwa mwingine. Wanachohitaji ni msongamano. Katika ardhioevu pana, kundi la kwarara hutawanyika. Kila mmoja hupekua tope lake, na leo wako hapa, kesho kwingine. Kinyesi chao huenea katika eneo kubwa, jua hukikausha na maji hukichukua. Bustanini mambo ni kinyume. Mkate hutupwa mahali palepale kila siku, karibu na benchi lilelile. Kwarara, mabata, shakwe na njiwa, ambao porini wasingekula pamoja, husongamana juu ya kipande kimoja cha nyasi, wakila kilichoangukia kinyesi cha wenzao.

Kundi la watafiti linaloongozwa na Sonia Hernandez wa Chuo Kikuu cha Georgia limewafuatilia kwarara hao kwa miaka mingi. Waliwakamata katika bustani na katika maeneo ya asili, wakawapima na kuwaachia. Miongoni mwa waliyoyakuta ni bakteria wa salmonela, ambao kwa wanadamu huleta homa, maumivu ya tumbo na kuharisha, na huwaumiza zaidi watoto wadogo, wazee na wenye kinga dhaifu. Baadhi ya aina za salmonela zilizopatikana kwa kwarara zilifanana na zile zilizowahi kupatikana kwa wagonjwa wa kibinadamu. Jambo hilo peke yake halithibitishi kwamba ndege ndiye aliyemwambukiza mtu. Huenda wote wawili waliipata mahali pamoja, au mtu ndiye aliyetangulia kuyachafua maji. Linalothibitika ni kwamba ndege na mtu wa bustanini wanashiriki vimelea, na mahali pa kukutania ni pale panapotupwa mkate.

Kuna jambo la pili, nalo ni nguvu ya mwili. Kwarara ni mla nyama. Mwili wake unajengwa na protini ya samaki na wadudu, ilhali mkate mweupe una wanga mwingi na protini kidogo. Katika jaribio moja, watafiti hao waliwalea makinda wa kwarara wakiwa kifungoni, wengine kwa chakula kinachofanana na cha asili na wengine kwa chakula kilichochanganywa mkate na vitu vya madukani. Damu ya waliokula mkate ilionekana kuwa na uwezo mdogo zaidi wa kuwaua bakteria wa salmonela. Tuyaweke mambo mawili pamoja: ndege aliyesongamana na wenzake juu ya kinyesi, na ndege ambaye silaha zake za ndani zimepungua makali. Aliyemrushia mkate hakukusudia lolote kati ya hayo, lakini yote mawili yametoka mkononi mwake.

Msafiri aliyefanywa mkaazi

Jambo la tatu linahusu safari. Watafiti waliwafunga baadhi ya kwarara vifaa vidogo vya kuonyesha mahali walipo, na wakaona kwamba wale waliozoea mji hushikamana sana na bustani zao. Msafiri ambaye maumbile yake ni kufuata maji amekuwa mkaazi wa benchi moja.

Ukaazi huo una gharama. Ndege anapokaa mahali pamoja, vimelea navyo hukaa na kujirundika. Kuhama kulikuwa ni namna yake ya kujitakasa: kundi liliyaacha machafu nyuma na kuhamia mahali pasafi, na muda likiwa mbali vimelea vya nje vilikufa kwa kumkosa wa kumwingia. Wafugaji wa jadi wanaohamisha boma wanalijua jambo hili vizuri, kwa kuwa zizi lililokaliwa muda mrefu huzaa kupe na maradhi.

Zaidi ya hayo, si kila kwarara wa bustani hubaki bustanini. Wapo wanaokwenda na kurudi baina ya mji na ardhioevu, hasa wakati wa kutaga. Ndege kama huyo anaweza kuchukua bakteria wa mjini akawafikisha katika koloni lenye makinda, na pia kuyaleta ya porini mjini. Mpaka tulioudhania baina ya bustani na pori haupo machoni pa ndege.

Vimelea vinaporudi

Baada ya kusoma hayo yote, msomaji anaweza kutamani ulimwengu usio na vimelea kabisa. Hapa sayansi inatushangaza. Katika mji mdogo wa Carpinteria, pwani ya California, lipo bwawa la chumvi lililozungukwa na nyumba na barabara. Sehemu yake iliyokuwa imeharibiwa ilifanyiwa ukarabati mwaka 1997: maji ya bahari yakaruhusiwa kuingia na kutoka tena. Watafiti Todd Huspeni na Kevin Lafferty waliwakusanya konokono na kuhesabu minyoo iliyokuwa ndani yao, kabla ya kazi hiyo na kwa miaka sita baada yake.

Kabla ya ukarabati, konokono wa sehemu iliyoharibika walikuwa na minyoo michache na ya aina chache kuliko wale wa sehemu jirani iliyo salama. Baada ya ukarabati minyoo iliongezeka mwaka hadi mwaka, na kufikia mwaka 2003 sehemu hizo mbili zilikuwa sawa. Kwa nini? Kwa sababu ndege walirudi. Kila aina ya mnyoo ndani ya konokono ni ushahidi kwamba ndege wa aina fulani alipita hapo na kuacha kinyesi chake, na kwamba samaki, kaa na konokono wanaohitajika wapo. Mnyoo amekuwa shahidi wa uzima wa mahali.

Wingi wa vimelea hivyo si haba. Utafiti uliochapishwa mwaka 2008 na Armand Kuris na wenzake, uliofanywa katika mabwawa matatu ya pwani ya California na Baja California, ulipima uzito wa viumbe vyote kwa jumla. Ilionekana kwamba vimelea kwa ujumla wao vilikuwa na uzito mkubwa kuliko ndege wote wa mahali hapo. Kwa maelfu ya miaka ndege wameishi na mzigo huo na hawakumalizika, kwa sababu kila kitu kilikuwa na kipimo chake: nafasi ya kutawanyika, maji ya kusafisha, chakula cha kuupa mwili nguvu, na ngazi ndefu inayomlazimu kimelea kusubiri. Kinachomwua ndege ni mizani kuvunjwa, na mizani huvunjwa kwa kuondolewa ardhioevu na kuwekwa mkate mahali pake.

Huruma ya namna mbili

Waislamu wengi wanakijua kisa cha mtu aliyesamehewa kwa kumnywesha maji mbwa mwenye kiu, na kile cha mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka. Aghalabu katika kisa cha pili tunakumbuka kwamba hakumlisha. Tunasahau sehemu yake ya pili, kwamba alimfungia na hakumwachia akajitafutia riziki katika viumbe vidogo vya ardhini. Kwa hiyo ziko huruma mbili: kumlisha kiumbe aliye chini ya mikono yetu, na kutomzibia njia kiumbe ambaye riziki yake imetandazwa ardhini.

Kuku, mbuzi na paka wa nyumbani wana haki ya namna ya kwanza. Ndege wa porini ana haki ya namna ya pili, na hiyo ndiyo iliyo nzito. Jamii inayokausha ardhioevu kisha ikasimama kando ya bwawa la kuchimbwa na kurusha mkate imemfungia kiumbe, kisha ikamlisha kisichomfaa. Watu wa Florida wamelitambua hilo kwa kiasi fulani. Mwaka 2000 bunge la Marekani liliidhinisha mpango wa kuirejeshea Everglades maji yake, kazi itakayochukua miongo mingi na fedha nyingi mno. Ni ghali kuirudisha ardhioevu kuliko kuiacha ilipo.

Hali ya kwetu

Afrika Mashariki bado tunayo nafasi ambayo Florida iliipoteza. Miji yetu mingi ina mabonde, mikoko na vinamasi ndani yake au pembeni yake, na kwarara, yangeyange na korongo wangali wanakula humo. Lakini dalili zinaonekana. Kampala, korongo wakubwa wanaoitwa kaloli wametaga juu ya miti ya mjini na hushinda majalalani wakila mabaki ya machinjioni na masokoni. Nairobi hali ni hiyo hiyo. Dar es Salaam, Bonde la Msimbazi limejengwa na kutupiwa taka kwa muda mrefu, na mvua kubwa zinapokuja wakazi wa mabondeni ndio wanaolipa. Mpango wa kuliendeleza bonde hilo unataja pia kuanzishwa kwa bustani ya mji.

Basi swali la namna gani ya bustani tunaitaka limekwisha kutufikia. Bustani yenye kidimbwi cha saruji, nyasi zilizokatwa na wauza mkate wa ndege itazaa yale tuliyoyaona Palm Beach. Bustani inayoacha ukingo wa tope, matete, maji yanayoingia na kutoka, na sehemu ambazo watu hawazikanyagi, itampa ndege riziki yake na nafasi yake. Itatufaa na sisi pia, kwani tope hilohilo ndilo linaloyanywa maji ya mafuriko kabla hayajaingia majumbani.

Mambo ya kuzingatia nyumbani

Kwa wazazi na walezi, yafuatayo ni mepesi kutekelezwa.

Kwanza, tusiwarushie ndege wa porini mkate, wali wala chipsi. Mabaki ya nyumbani yaende kwa kuku, na chakula kilicho kizima kimfikie jirani mwenye haja. Mkate unaobaki majini huoza, huyaharibu maji na kuwaita panya.

Pili, mtoto akitoka bustanini au ufukweni mwa bwawa aoshe mikono kwa sabuni na maji yanayotiririka kabla ya kula, na viatu vyenye kinyesi cha ndege viachwe nje. Chakula cha matembezi kitandikwe mbali na mahali ndege wanapokusanyika.

Tatu, aliyeingia katika maji ya ziwa au bwawa ajifute kwa taulo mara atokapo. Vipele vya muwasho vya vimelea vya ndege hupoa vyenyewe. Hata hivyo, katika maeneo yenye kichocho mtoto asiogelee maji baridi yaliyotuama, na akiona damu katika mkojo apelekwe kituo cha afya bila kuchelewa.

Nne, ndege mgonjwa au aliyekufa asishikwe kwa mikono mitupu. Wakiwa wengi, aarifiwe ofisa mifugo wa kata.

Tano, tumbadilishie mtoto mchezo. Badala ya mfuko wa mkate apewe daftari na penseli. Ahesabu ndege, achore midomo yao, aulize kwa nini huyu ana mdomo wa mundu na yule wa kijiko. Akimtazama kwarara anavyolipekua tope kwa subira mpaka akatoka na kamba, ataona kwamba kiumbe huyu amepewa chombo cha kujipatia riziki, na kwamba kazi yetu ni kumwachia tope lake.

Sita, wazee wa mtaa, walimu wa madrasa na kamati za misikiti wana sauti katika vikao vya serikali za mitaa. Kiwanja cha kinamasi kinapotaka kujazwa kifusi, au bonde linapogeuzwa jalala, sauti hiyo itumike mapema. Baada ya kifusi kumwagwa, mazungumzo yote huwa ya kurudisha, na watu wa Everglades wanajua kurudisha kunavyogharimu.

Mtoto aliyefunzwa haya atakuwa na huruma inayomfika ndege pale anapoihitaji. Hatamwona ndege wa bustanini kuwa ni ombaomba wa kuonewa imani kwa kipande cha mkate. Atamjua kuwa ni jirani mwenye haki ya maji, tope na njia, na atakapokua na kupewa dhamana ya kupitisha ramani ya mji, atakumbuka kuyabakiza.